Wasio na Ubeti wa Mwisho

Washairi wetu wa mwambao wana desturi ambayo wageni wa fasihi ya Kiswahili huistaajabia. Shairi linapokaribia kufungwa, mtunzi hujitokeza. Hutaja jina lake, pengine na la baba yake, pengine na mji aliotoka, na aghalabu huongeza dua au tarehe. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, hakuona haya kutuambia yeye ni nani, ni mtoto wa nani na kwamba alizaliwa Pate. Hatumwiti mwenye majivuno kwa hilo. Tunaelewa kuwa ametenda jambo la uaminifu: mtu aliyesema maneno mazito kiasi kile amekubali kuulizwa juu yake, na mwenye kutaka kumjibu au kumwombea rehema anajua amwombee nani.

Desturi hiyo imenishughulisha kwa muda mrefu kwa ajili ya watu ambao hawana ubeti wa mwisho. Nawakusudia wapigaji. Aliyeshika besi nyuma ya mwimbaji, aliyepiga fidla mstari wa pili, waitikiaji waliorudia kiitikio mara arobaini usiku mmoja hata sauti zikakauka. Wimbo unapokwisha, hao hawana pahala pa kujitaja. Chombo walichokishika hakina maneno, na mwenye maneno ana jina lake la kutaja.

Mjomba wangu mmoja alikuwa mpiga besi. Katika miaka ya 1970 alipiga na bendi kadhaa za Dar es Salaam, na kundi lolote lililopungukiwa mtu siku ya kurekodi lilimwita yeye. Alikwenda, akasikiliza wimbo mara mbili, akaupiga, akapewa nauli na sahani ya wali, akarejea. Uzeeni alirudi kwao Bagamoyo, akawa na kibanda cha kutengeneza baiskeli. Jioni redio ikirusha nyimbo za zamani, na mojawapo ya zile alizopiga ikipita, mikono yake iliacha spoku na vidole vikaanza kutembea juu ya paja. Mtangazaji akimaliza alilitaja kundi na mwimbaji, kisha akaingia kwenye tangazo la sabuni. Siku moja nilimuuliza kama hayo hayamuumi. “Mjomba,” akanijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana vivyo hivyo, “watu wanaujua wimbo. Mimi najua nipo wapi ndani yake.”

Kwa miaka mingi niliyachukua maneno hayo kuwa ndiyo hekima yenyewe, na niliyarudia mbele za watu. Alipofariki, katika sanduku lake la nguo tulikuta picha ya bendi moja, watu sita na vyombo vyao, na nyuma yake ameandika kwa kalamu ya wino wa buluu majina ya wote sita, kila jina na chombo chake. Lake aliliweka la mwisho.

Jina hilo silitaji hapa, na msomaji ana haki ya kunicheka. Mkewe yu hai, kuna madai ya malipo ambayo hayajamalizika, na ameniomba jina la marehemu lisiingie magazetini kabla ya wakati wake. Hiyo ni amana, nami naitunza. Lakini picha ile ilinivunjia hekima yangu. Mtu aliyeniambia kuwa jina si kitu alikuwa ameketi mahali fulani, siku fulani, akayaandika majina ili yasipotee. Basi nauliza: kumsahau mpigaji ni dhuluma, au ndiyo hali ya kawaida ya kila kazi inayofanywa na wengi?

Wanaosema ni hali ya kawaida hawakosi hoja, na haifai kuzipuuza. Ngoma ni ya watu wote, husema hao; ukianza kuhesabu majina umeshaigawa. Abiria anayevuka kutoka Bagamoyo kwenda Unguja hamjui fundi aliyekalafati jahazi, na safari haiharibiki kwa hilo. Fauka ya hayo, wahenga wamesema tenda wema wende zako. Mwenye kutenda kwa ajili ya kutajwa ameshalipwa kwa kutajwa.

Naikubali hoja ya mwisho kwa sharti moja. Methali ile inamwambia mtenda. Haikumwambia mtendewa. Anayeficha wema wake amefanya vizuri, ama anayeuficha wema aliofanyiwa tuna neno jengine kwake. Sisi wasikilizaji ndio tuliotendewa, na tumeichukua methali ya mtenda tukajifanyia pazia. Kuhusu jahazi, ni kweli abiria hamjui fundi, lakini nahodha anamjua, tena anamjua kwa jina na mtaa, kwa sababu uhai wake umeshikwa na pamba na mafuta ya fundi yule. Kila ambaye maisha yake yamo katika kazi ya mwenziwe humjua. Kutomjua ni dalili kwamba tumejihesabu abiria.

Jambo hili si letu peke yetu. Mjini Detroit, Marekani, kampuni ya Motown ilitoa kwa miaka mingi nyimbo zilizochezwa dunia nzima, na nyuma ya karibu zote lilikuwamo kundi lile lile la wapigaji, waliojiita Funk Brothers. Majina yao hayakuandikwa juu ya santuri hadi mwaka 1971, Marvin Gaye alipotoa “What's Going On”. Mpiga besi wao alikuwa James Jamerson, na wapiga besi waliokuja baada yake wengi wanakiri kuwa walijifunza kwake pasipo kumjua. Inasimuliwa kwamba mwaka 1983, ilipofanywa sherehe kubwa ya miaka 25 ya kampuni ile, Jamerson hakualikwa. Alinunua tikiti kama mtu yeyote, akakaa juu kwenye viti vya mbali, akawatazama waimbaji wakishangiliwa. Alifariki mwaka huo huo, mwezi wa Agosti.

Wapo waliotoka nyuma wakafanikiwa. Huko huko Marekani, jijini Los Angeles, vijana waliozoea kukodiwa studio kuwapigia wengine waliunda kundi lao mwishoni mwa miaka ya 1970, wakaliita Toto. Baadhi yao wamo ndani ya “Thriller” ya Michael Jackson ya mwaka 1982, na mwaka huo huo walitoa albamu yao ya nne, iliyobeba wimbo “Africa”, ambao Februari 1983 ulishika nafasi ya kwanza nchini mwao. Wimbo ule unaitaja Kilimanjaro na unaitaja Serengeti, ingawa mtunzi wake alikuwa hajakanyaga bara hili. Silalamiki, mlima haukupungukiwa. Ila nimekutana na vijana wa Bagamoyo wanaouimba wimbo huo kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukiwauliza ni nani waliopiga magitaa katika nyimbo walizochezea wazazi wao harusini, wananitazama kama niliyeuliza jina la upepo.

Nasi tunao wetu waliotoka nyuma. Novemba 1978 jijini Nairobi, kundi la Simba Wanyika, lililoasisiwa na ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, lilipasuka. Walioondoka ni mpiga gitaa la rithimu Omari Shabani, aliyeitwa Profesa, mpiga besi Tom Malanga, na mpiga dramu Rashid Juma, pamoja na mwimbaji Issa Juma. Tazama vyombo hivyo: rithimu, besi, dramu. Ni msingi mzima wa nyumba ulioamua kuhama. Wakamchukua John Ngereza wa kuimba, wakajiita Les Wanyika, na “Sina Makosa” yao hadi leo haipiti arusi ya watu wazima bila kupigwa. Isikilize tena. Sauti ya Ngereza ni tamu, hakuna abishaye, lakini wimbo ule haukumngojea. Magitaa yameshazungumza, besi imeshajibu, na mwimbaji anaingia kama mtu anayekaribishwa katika baraza iliyokwisha kukaa. Hata hivyo walipoondoka walilibeba jina la nyumba waliyoihama. Kujitoa nyuma si kazi ya siku moja.

Zile nilizozitaja zilipata bahati. Zinazonishughulisha zaidi ni kazi ambazo wapigaji wa nyuma walizitoa kwa majina yao wenyewe, nasi tukapita. Ng'ambo ya pili ya maji, huko Unguja, mwaka 1997 ilitolewa na kampuni ya Dizim ya Ujerumani albamu ya Kidumbak Kalcha iliyoitwa “Ng'ambo”, kwa jina la ile sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe. Waliomo ni wapigaji waliokomaa katika Culture Musical Club, pamoja na Makame Faki mwenye sauti iliyompa jina la Sauti ya Zege. Katika taarabu ya klabu mpiga fidla ni mmoja kati ya wengi, wamevaa sare, wanangoja zamu. Katika kidumbak yuko peke yake na ngoma mbili ndogo, sanduku la kamba moja linalofanya kazi ya besi, cherewa na mkwasa, na wachezaji hawampi nafasi ya kupumua. Kidumbak ilikuwa kwa wapigaji hawa kazi ya pembeni, ya kutafutia riziki harusini, na wenye kujiona waungwana waliidharau kuwa taarabu ya maskini. Mimi nadhani ndani ya albamu ile mna upigaji wa fidla ambao klabu haikupata kuusikia, kwa sababu klabu haikuuomba. Nimewauliza jamaa zangu wa Unguja, watu wa muziki, wenye makanda hadi chini ya kitanda. Waliokuwa nayo hawakufika wanne.

Lakini mfano ulionisumbua hasa uko hapa Bagamoyo. Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Dodoma, alihamia mwambao na kuweka makazi hapa, akafundisha katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Ilimba yake na zeze yake zilikwenda dunia nzima. Albamu yake “Chibite” ilitolewa Uingereza mwaka 1996 na kampuni ya Real World. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003, na mji ukampoteza mtu ambaye watalii walimjua kuliko tulivyomjua sisi majirani. Nyuma ya Hukwe walikuwako wanawake wa ukoo wake. Kwa Wagogo wanawake ndio wenye ngoma za muheme, na anayewaona wamezibana kati ya mapaja, wanazipiga huku wanaimba, hasahau. Lakini zeze na ilimba, vyombo vya kusimama mbele, vilikuwa vya wanaume, na katika safari na sahani za muziki mwanamke wa ukoo alikuwa mwitikiaji.

Juni 2024 Real World ilitoa albamu ya wawili kati ya wanawake hao, Pendo na Leah, wakijiita The Zawose Queens. Inaitwa “Maisha”. Wameshika wenyewe ilimba, zeze na ngoma, wanaimba Kigogo na Kiswahili, na watayarishaji wawili wa Uingereza, Oli Barton-Wood na Tom Excell, wameongeza mitambo yao. Kuna pahala, kwa sikio langu, mitambo imejaza nafasi iliyokuwa nzuri ikiwa tupu. Hilo ni dogo.

Kubwa ni hili, na nalisema kwa aibu. Mara ya kwanza niliposikiliza, niliona kama nyimbo haziji. Nilikuwa nimekaa kumngoja mtu. Sauti moja ikaanza, nikasema huyu ndiye; kabla sijamshika, nyingine ikaingia, ile ya kwanza ikashuka chini, kisha zikapishana tena, na ilimba haikumfuata yeyote. Nikaiweka albamu kando, nikamwambia mtu kuwa ni nzuri lakini haina mwenyewe. Ni miezi kadhaa baadaye, nikiwa nashona mkeka na kuisikia bila kuikusudia, ndipo nilipotambua kuwa kasoro haikuwa kule. Hawa ni watu waliotumia maisha yao kusikiliza. Mwitikiaji haruhusiwi kukosa kusikiliza. Mwimbaji wa mbele anaweza kusahau walio nyuma akaimba vizuri tu, lakini anayeitikia akimsahau wa mbele hata kwa pumzi moja, wimbo umevunjika. Ujuzi huo hawakuuacha walipokuja mbele. Kila mmoja anaimba kana kwamba mwenzake ndiye mwenye wimbo. Sikio langu, lililozoeshwa tangu utoto kumtafuta shekhe wa ngoma, lilikuta wote wamekaa jamvi moja, likadhani hakuna aliyefika.

Kwa hiyo sasa naona dhuluma tunayoizungumza haianzi kwenye karatasi ya jalada. Inaanza katika namna ya kusikiliza. Shukurani zetu hufuata jina, si kazi. Tukishajua nani ni mkubwa tunajua wapi pa kuelekeza sikio, na mengine yote tunayaita usindikizaji. Tungeweza kuandika majina ya wapigaji wote kwa herufi kubwa, hata la aliyebeba vyombo, na tusiwe tumewapa chochote, ikiwa bado tunasikiliza kama abiria. Ingekuwa sadaka, na wao hawakuomba sadaka.

Pia tusidhani kuwa wa mbele na wa nyuma ni aina mbili za watu. Hukwe mwenyewe, ambaye hapa Bagamoyo hakuna aliyethubutu kukaa mbele yake, mwaka 2002 alikuwa katika ziara ya Peter Gabriel, akisimama jukwaani mwa mtu mwingine kutia sauti katika wimbo wa mtu mwingine. Mwaka huo huo ikatoka “Assembly”, albamu aliyoifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, majina mawili kwenye jalada moja, na nakiri kwamba katika baadhi ya nyimbo sijui ni nani anamsindikiza nani. Zamani hilo lilinikera. Siku hizi ndizo nyimbo ninazozirudia.

Nimeanza kujifundisha upya, na njia niliyoishika ni ya kitoto: nikisikiliza wimbo naanza na besi. Namwacha mwimbaji aseme anayoyasema, nafuata kidole cha chini mpaka mwisho, kisha ndiyo narudi juu. Nyimbo nilizozijua kwa miaka arobaini zimegeuka kuwa ngeni. Katika mojawapo, iliyopigwa redioni mara nyingi wakati wa uhai wa mjomba, kuna mahali kabla ya kiitikio besi inakaa kimya kwa kipigo kimoja kizima, na kila kitu kinaning'inia. Nilikuwa nimeimba kiitikio kile tangu shule ya msingi pasipo kujua nani aliyenifungulia mlango wa kuingilia.

Kati ya majina sita ya nyuma ya picha, wanne nimethibitisha kuwa wametangulia mbele ya haki. Wa tano, mpiga dramu, niliambiwa yuko Saadani, nami mwaka jana baada ya mvua za masika nilikwenda kumtafuta. Nilimkuta chini ya mwembe anatengeneza wavu, mzee mkavu, macho yamekwisha nguvu. Nikampa shikamoo, nikajitambulisha kwa jina la mjomba, nikamwekea ile picha mkononi. Aliisogeza karibu na uso, akaigeuza nyuma, akanirudishia kwa kuwa hawezi tena kusoma, akasema nimsomee. Nikayasoma majina kama yalivyoandikwa, na chombo cha kila mmoja. Nilitaraji atalitaka lake tena. Alinyamaza, vidole vimeshika uzi, kisha akauliza: “Na huyu wa rithimu, alipata kuoa?”